Firni ya kibarazani Mikindani: tathmini ya mwezi mzima wa Ramadhani

Katika Ramadhani ya mwaka 2025, iliyoangukia mwezi Machi, nilinunua firni mara 14 katika kibaraza kimoja cha Mikindani, na mara 13 kati ya hizo nilikula firni ambayo sijapata kuiona mfano wake katika Mkoa wa Mtwara. Mara moja iliyobaki niliuziwa kitu kingine kabisa kwa jina lile lile. Nitayaeleza yote mawili, kwa sababu wapo ndugu na marafiki wengi walioniuliza kama inafaa kutoka Mtwara mjini, mwendo wa kilomita zipatazo 10, kwa ajili ya kibakuli kimoja cha maziwa na mchele. Jibu langu ni kwamba inafaa, ila ni vizuri mtu ajue anakwenda kununua nini, saa ngapi, na amuulize muuzaji jambo gani kabla ya kutoa fedha.

Kibaraza chenyewe ni cha moja kati ya zile nyumba kongwe za mawe zilizo upande wa bandari, na hakina kibao wala jina. Hutandazwa mkeka, huwekwa meza ndogo yenye kitambaa cha plastiki, na chini ya meza hukaa deli la barafu. Mwenye biashara ni mama wa makamo ambaye mtaa mzima humwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mimi sitalitaja hapa kwa sababu jiko lake ni la nyumbani na hakuniomba nimtangaze. Huanza kuuza baada ya swala ya alasiri, hufunga jua linapokaribia kuzama ili naye afuturu na watu wake, kisha hufungua tena watu wanapotoka kwenye tarawehe. Nje ya Ramadhani hapiki firni ila kwa oda ya harusi au maulidi.

Kwa asiyeifahamu, firni ni maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa kwa muda mrefu pamoja na mchele uliopondwa, yakatiwa sukari na iliki, kisha yakaachwa yapoe hadi yashikamane. Asili yake ni Uajemi na Bara Hindi, na jamii za huko zimeizoea kama kitamu cha futari na cha sikukuu. Waarabu wanayo mahalabia, ambayo ni ndugu yake wa karibu. Huku kwetu pwani watu wengi huichanganya na faluda, na si ajabu, kwa kuwa zote mbili ni nyeupe, ni baridi na zina harufu ya iliki. Hata hivyo, faluda ya pwani hugandishwa kwa chinagrasi inayotokana na mwani, hivyo hukatwa kwa kisu ikatoka vipande vyenye pembe. Firni haikatiki, huchotwa. Ukiipitisha kijiko, mfereji wake hubaki pale kwa kitambo, kisha kingo zake hulegea taratibu na kuanza kurudiana. Mtu akikuuzia firni inayotikisika kama faluda, au inayomiminika kama uji, amekosea mahali fulani kati ya moto na mchele.

Kosa linaloenea zaidi mjini Mtwara, na ambalo limenifanya niandike tathmini hii, ni la kutumia unga wa kastadi. Mgahawa mmoja niliokuwa nikifuturu mwaka juzi ulikuwa na firni kwenye orodha yake ya vyakula, lakini kilicholetwa mezani kilikuwa cha manjano, laini mno, chenye harufu ya vanila ya dukani na kisicho na hata chembe ya mchele. Ile ilikuwa kastadi. Sina ugomvi na kastadi. Nimelelewa nayo, na ikiwekewa ndizi mbivu ni kitamu halali cha futari. Ninachokataa ni kubadilishiwa jina, kwa sababu anayelipa bei ya firni analipia maziwa mengi yaliyopunguzwa motoni kwa zaidi ya saa moja, ilhali kastadi huiva kwa dakika chache na maziwa yake yanaweza kuwa ya unga yaliyotiwa maji mengi.

Mama wa Mikindani aliniruhusu kukaa jikoni kwake alasiri moja katika kumi la kwanza, baada ya kumwamkia na kumweleza kwamba napenda kujua namna anavyopika. "Marahaba mwanangu," alinijibu, "kaa hapo kwenye kigoda, ila usinisemeshe maziwa yakianza kupanda." Nilikaa, na mengi ninayoyasema hapa niliyaona kwa macho yangu.

Anatumia chenga za mchele, yaani ule mchele uliovunjika ambao wengi huuona wa hadhi ya chini, na katika hili yuko sahihi kabisa. Chenga ni rahisi kuponda, na bei yake ni nafuu. Huziosha asubuhi, huziloweka hadi adhuhuri, huzichuja na kuzitandaza kwenye ungo zipungue maji, kisha huzitwanga kwenye kinu kidogo. Hatwangi hadi ziwe unga. Alinipa kidogo kiganjani nikausugua kwa kidole gumba, nao ulikwaruza kama mchanga mwembamba wa ufukweni. Mkwaruzo huo ndio unaokuja kuonekana mwishoni, kwani firni nzuri huwa na chembechembe laini ambazo ulimi huzitambua bila meno kuwa na kazi yoyote. Mchele ukisagwa mashineni ukawa unga mtupu, matokeo yake huwa ni uji mzito wa maziwa, na ladha yake hupooza.

Kwa sufuria moja hutumia lita 5 za maziwa na robo kilo ya chenga. Kabla ya kuyapokea maziwa kutoka kwa kijana anayeyaleta kwa pikipiki, huchemsha kiasi kidogo kwenye kikombe cha bati. Yakikatika, huyarudisha hapo hapo. Huu ni uangalifu mkubwa kwa mtu wa Kusini. Mikoa yetu ya Lindi na Mtwara haikuwa na ng'ombe wengi kwa sababu ya mbung'o, na sisi tuliokulia huku tulipika kwa tui la nazi vitu ambavyo watu wa mikoa mingine walivipika kwa maziwa. Mabadiliko yalianza kuonekana zaidi baada ya wafugaji walioondolewa katika bonde la Usangu miaka ya 2006 na 2007 kuhamia Lindi pamoja na mifugo yao. Bado maziwa mabichi hapa si kitu cha kukosa thamani, na mpishi anayekubali kuyarudisha lita 5 mlangoni wakati wateja wake wanahesabu saa za futari anastahili kuheshimiwa.

Maziwa huanza peke yake kwenye jiko la mkaa. Yakishapanda mara ya kwanza, hupunguza mkaa na kuyaacha yachemke polepole, huku akikwangua kingo za sufuria kwa mwiko na kuurudisha ndani ule utando unaojitengeneza juu. Yakipungua hadi kubaki kama lita 4, hutia mchele aliokwisha kuukoroga kwa maziwa baridi ili usifanye madonge, na kuanzia hapo mkono hausimami. Wanga wa mchele huanza kufumuka na kunywa maji kabla maziwa hayajachemka tena, na chembe zake huzama chini. Mpishi akigeuka kumjibu mtu tu, zimekwisha kunasa kwenye kitako cha sufuria, na protini na sukari ya maziwa huungulia juu yake. Harufu ya maziwa yaliyoungua haifichiki kwa iliki wala kwa marashi. Nilimwona akikoroga kwa muundo wa namba nane, akihama kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto bila kuuinua mwiko, kwa muda ambao mimi ningekwisha kuomba msaada.

Sukari aliitia mwisho, mchele ulipokwisha kuiva. Nilipomuuliza sababu, alisema ikitangulia huuchelewesha mchele kulainika na huita ukoko mapema. Iliki aliitwanga pale pale, maganda akayatupa, akaongeza kungumanga kidogo sana. Hakutia rangi yoyote. Hakutia zafarani pia, na kwa bei anayouza sikuitarajia. Marashi ya mawaridi aliyatia matone machache sufuria ilipokwisha kuteremshwa, kwa kuwa moto huyafukuza. Kwa upande wangu ningependa ayapunguze zaidi, kwani kuna siku mbili nilipoona yameizidi nguvu harufu ya maziwa, na maziwa ndiyo yenye haki ya kusikika kwanza.

Baada ya hapo firni humiminwa ingali moto kwenye vibakuli vidogo vya udongo, na hili ndilo linaloitofautisha kabisa na firni nyingine ninazozijua hapa. Katika miji ya kaskazini ya Bara Hindi, desturi ya kuiweka firni kwenye vyombo vya udongo imekuwepo kwa muda mrefu, na ina sababu yake: udongo usiopakwa rangi hunyonya maji, hivyo firni hukazika kidogo zaidi, na chombo chenyewe hutoa jasho kwa nje, likaifanya ipoe. Vibakuli vyake hufinyangwa na kina mama wa huku huku anaowapa kazi miezi kadhaa kabla ya mfungo. Kila kipya hulowekwa usiku kucha na kuchemshwa kabla ya kutumika, na kila kinachorudi huchemshwa tena bila sabuni, kwa kuwa udongo ulionyonya maji ungenyonya na sabuni pia. Ukila firni hiyo karibu na ukingo wa kibakuli utaikuta imeshika zaidi na ina harufu hafifu ya ardhi iliyopata mvua, ilhali katikati ni laini kama mtindi mzito. Mimi huanza pembeni na kumalizia katikati, na sijawahi kubadilisha utaratibu huo.

Juu yake huwekwa korosho. Wapishi wa kwingine hutumia lozi na pistachio, lakini mtu anayepika katika mkoa wenye Newala, Tandahimba na Masasi hana haja ya kwenda kutafuta lozi za kigeni. Hata hivyo, korosho ina hila zake. Msimu wa mavuno huwa umepita kufikia Machi, kwa hiyo zinazotumika zimekaa ghalani au nyumbani kwa miezi kadhaa, na zikihifadhiwa vibaya huanza kutoa harufu ya mafuta ya zamani. Mama huyu hununua vipande, si korosho nzima, akazikaanga kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo hadi zipate rangi ya mbao, akaziponda kwa kitako cha kikombe zikiwa zimepoa, na kuziweka kwenye chupa iliyofungwa. Huzinyunyiza wakati wa kumpa mteja kibakuli mkononi, kamwe si kabla. Mlio wake unapozitafuna, kisha ubaridi na ulaini wa maziwa unaofuata, ndicho kitu nilichokuwa nikikikumbuka mchana nikiwa nimefunga, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe kama mawazo yangu yalikaa huko kuliko yalivyopaswa.

Kuhusu utamu, sukari yake ni ya wastani. Wapo jamaa zangu walioiona imepungua, hasa wale waliozoea kaimati zilizolowa shira. Mimi naiona imekaa mahali pake, kwa sababu maziwa yaliyopunguzwa motoni huwa na utamu wao wenyewe, na sukari ikizidi huufunika. Namshauri mteja asiile mara tu adhana ya magharibi inaposikika. Tende na maji vinatosha kufungulia, kisha uji wa pilipili manga na muhogo wa nazi vichukue nafasi yao. Firni ije baada ya tarawehe, tumbo likiwa limetulia. Wanaoila ya kwanza mara nyingi hushindwa kumaliza kibakuli na husema ni nzito, nao wanasema kweli, kwani ni maziwa mazito kwa tumbo lililokaa tupu tangu daku.

Nakuja sasa kwenye siku ile moja. Ilikuwa katika kumi la mwisho, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, nami nilikuwa na wageni kutoka Lindi ambao niliwasifia firni hii kwa siku tatu mfululizo. Nilimtuma mdogo wangu kwa bajaji akalete vibakuli sita. Vilipofika nyumbani vilikuwa vya plastiki vyenye mifuniko, jambo ambalo si kosa peke yake, kwa kuwa vibakuli vya udongo huisha. Lakini nilipofungua cha kwanza niliona rangi ya manjano. Kijiko kiliingia bila kukutana na chembe yoyote ya mchele, na chini yake kulikuwa na donge la unga lisiloiva lenye ukubwa wa punje ya hindi. Wageni wangu walikula kwa adabu na kusifu. Mimi niliona aibu kubwa, na nilikasirika, kwa sababu nilikuwa nimelipa Sh 9,000 kwa kitu kile kile nilichokikataa kwenye mgahawa wa mjini.

Nilikwenda mwenyewe kesho yake, nikamwamkia, nikamweleza bila kupandisha sauti. Hakukana. Alisema maziwa hayakufika kwa sababu ya mvua, naye alikuwa amekwenda msibani, na binti anayemsaidia aliona watu wamejaa kibarazani akanunua maziwa ya unga na pakiti za kastadi ili wasirudi mikono mitupu. "Angewaambia watu tu kwamba leo hakuna," alisema, "wangeondoka, na kesho wangerudi." Alinirudishia fedha zangu zote na kunifungia vibakuli viwili vya siku hiyo, ambavyo vilikuwa vizuri kama kawaida. Nimeupokea msamaha wake kwa moyo mweupe. Hata hivyo, sitaificha lawama yangu, kwa kuwa mteja aliyetoka mbali na kulipa bei kamili alistahili kuambiwa kabla ya kulipa, na pengine siku hiyo wapo waliokula wakaamini kwamba firni ndivyo ilivyo. Tangu siku hiyo mimi huuliza kila ninapofika, "Leo ni ya mchele?" na nashauri kila mtu aulize hivyo hivyo. Swali hilo halimkasirishi.

Kuna mambo mengine machache ya kuzingatia. Kibakuli cha kula pale pale ni Sh 1,500. Ukitaka kuondoka na chombo cha udongo unaweka amana ya Sh 1,000, ambayo hurudishwa ukikirejesha kizima. Sufuria moja hutoa vibakuli 25 hivi, naye hupika sufuria mbili kwa siku, kwa hiyo anayefika jua likiwa limekaribia kuzama, yaani karibu na saa kumi na mbili na nusu kwa majira ya Machi, mara nyingi hukuta ya alasiri imekwisha na hulazimika kusubiri ya baada ya tarawehe. Fedha hupokelewa taslimu au kwa simu. Mahali pa kukaa ni mkeka tu, na wazee wenye matatizo ya magoti watapata tabu. Kiti kimoja au viwili vingesaidia sana, nami nimemwambia hivyo.

Jambo la usafi nimeliangalia kwa makini, kwa sababu chakula cha maziwa katika joto la pwani yetu huharibika upesi. Vibakuli hukaa ndani ya deli juu ya barafu na kufunikwa kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi, na vijiko huchovywa kwenye maji ya moto. Sijaugua hata mara moja. Anayebeba kwenda Mtwara mjini asivizungushe kwenye bajaji kwa saa mbili akipitia sokoni na kwa shangazi. Viende moja kwa moja nyumbani, viwekwe kwenye friji, na viliwe usiku ule ule. Nilijaribu kukibakiza kimoja hadi daku. Kilikuwa salama, kwa kuwa kilikaa kwenye friji, lakini mchele ulikuwa umekunywa maziwa yote na firni imekuwa ngumu kama bumunda, na korosho zilizokuwa zimebaki juu zilikuwa zimelainika.

Kwa ladha, kwa uaminifu wa viungo katika siku 13 kati ya 14, na kwa kazi ile ya mkono niliyoishuhudia jikoni, naiweka firni hii juu ya zote nilizokula Mtwara na Lindi. Ningeipa alama zote kama si siku ile ya mvua na kama marashi yangepunguzwa kwa tone moja au mawili.

Kwa ajili ya Idd hupokea oda hadi mwezi 27 wa mfungo, na hudai nusu ya fedha mapema ili aweze kumlipa mleta maziwa. Atakayeagiza nyingi aende na chombo chake mwenyewe chenye mfuniko, kwa kuwa asubuhi ya sikukuu vibakuli vya udongo huisha kabla ya firni yenyewe.